Mdomo wa Vidole Viwili

Harufu ilinifikia kabla ya maumivu: harufu ya nywele zilizoungua, kama mtu anababua kuku chumba cha pili. Macho yangu yalikuwa yamefunikwa kwa vikombe vidogo vya chuma, shavu limepakwa ganzi, na kile kimashine cha leza kilikuwa kikitembea juu ya kovu langu, tik, tik, tik, kama cherehani inayoshona bila uzi. Nikamwuliza daktari kuku huyo ni wa nani. Akasema kwa upole wa mtu aliyeshika moto:

"Bibi, ukinichekesha mkono utacheza."

Basi nikanyamaza. Kunyamazishwa ni dawa ambayo sijawahi kuizoea.

Kovu lenyewe lilimzidi umri huyo daktari. Ujanani nilikuwa napiga pasi mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo, na siku moja mpira wa mvuke ukachomoka, mvuke ukaniunguza shavu la kulia hadi kidevuni. Nikapona, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume; kovu likabaki limenikunja pembe ya mdomo kama pindo la suruali. Sikuwa na ugomvi nalo. Ugomvi ulianza meno yalipokwisha. Daktari wa meno alitaka kunitengenezea ya bandia, lakini chombo chake cha chuma cha kuchukulia umbo la fizi kilikataa kuingia. Akanipima kwa vidole kati ya fizi: viwili vikapita, cha tatu kikagoma. Akasema mdomo ukifika vidole vitatu nirudi, ndipo akanielekeza kwa watu wa leza, wakalilainishe hilo kovu.

Wakati huo binti yangu, ninayeishi naye, alikuwa akinilisha uji kwa kijiko cha chai. Unamwagika kidevuni, anauzoa, anaurudisha. Huyo ni mtoto niliyemfundisha mimi kushika kijiko. Nilimeza kwa heshima zote, nikaapa moyoni kwamba nitakufa nimetafuna kitu.

Ganzi ilipoisha, nilidhani nimeazimwa shavu la mtu mwingine. Liliwaka kama limesuguliwa pilipili, likavimba mpaka jicho likafumba, likatoa majimaji. Nililala nimekaa, nimeegemezwa mito kama mgeni wa heshima. Asubuhi binti yangu aliniosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akanipaka mafuta mazito, mikono ikimtetemeka. Kisha yakaja magamba, na magamba yakaleta muwasho. Muwasho, wanangu, hauna adabu. Maumivu yanakuacha ulie, muwasho unakubembeleza. Nilikalia mikono yangu.

Na bado kulikuwa na mazoezi. Jeraha lilipoanza kukauka niliagizwa kupanua mdomo, kuubana, kuuvuta upande, kila asubuhi, kovu lisije likaganda tena. Binti yangu alikuwa ameficha vioo vyote, nisijione nikazirai. Nikagundua kwamba kioo cha dirisha kinatosha, jua likiwa bado halijageuka upande wetu. Nikawa nasimama pale, natoa macho, nanyoosha ulimi, nabinua midomo, machozi yakinitiririka.

Nilichokuwa nakiona ni uso wangu tu. Kumbe nyuma ya uso wangu, ng'ambo ya kichochoro, anakaa fundi saa, rafiki wa marehemu mume wangu, mtu mkavu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Naye alikuwa dirishani mwake, amekunja uso, ameibana lenzi kwenye jicho moja. Kila akiinua kichwa ananikuta nimekunja uso vile vile. Akavumilia siku kadhaa. Kisha akaja kugonga mlango, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "kama nimekukosea, nitukane. Lakini kunibinulia midomo kila asubuhi, mtu mzima mwenzangu, hapana."

Nilitaka kumwomba radhi, kicheko kikanitangulia. Gamba likapasuka, damu ikachuruzika, nami naendelea kucheka huku nalia. Nilipomweleza, alinitazama shavu muda mrefu, akavaa kofia, akaondoka. Kesho yake, katikati ya mazoezi, nikaona kitu kinacheza nyuma ya kioo. Fundi alikuwa amevua lenzi, amepanua mdomo hadi koromeo. Nikayaona meno yake hatimaye, yote ya kwake, nikamwonea wivu. Tangu siku hiyo tukawa tunafanya pamoja. Alikuwa mvivu wa kutoa ulimi. Ikabidi nimkemee kwa kidole.

Magamba yalipodondoka, ngozi ya chini ikaja nyekundu, kisha ikageuka nyeusi kuliko mimi mwenyewe, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Daktari alikuwa ametuonya kwamba weusi huo huja, hukaa, hufifia. Binti yangu alisikia kwa masikio. Macho yake yalikataa. Kimya kimya akapiga simu kliniki, akafuta miadi yangu ya pili. Nilijua kwa sababu nesi alinipigia mimi kuuliza kama naumwa. Nikamwambia mimi mzima wa afya, aliyeugua ni katibu wangu, miadi ibaki pale pale.

Kliniki hawampokei mtu asiye na msindikizaji. Binti yangu alipokwenda kazini, nikavuka kichochoro chini ya mwavuli, maana jua nilikatazwa. Fundi alinisikiliza, akafunga duka. Kule nesi akamwuliza yeye ni nani wangu. Akafikiri kama anatafuta skrubu iliyoanguka.

"Mimi na huyu," akasema, "tunabinuliana midomo."

Nesi akaandika: jirani.

Jioni binti yangu akanikuta juu ya mito, shavu limewaka upya. Mkoba ukamponyoka. Akamtazama fundi, ambaye ghafla alikumbuka kuna saa ya mtu inamngoja. Tulipobaki wawili hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama, kwa umri huu nani anakutazama, mpaka ujitese hivi?"

"Sitafuti mtazamaji. Natafuta meno."

"Na ukiharibika?"

"Nimeharibika kabla hujazaliwa, na nikakuzaa hivyo hivyo." Sauti ilinitoka nene, kwa nusu ya mdomo. "Maumivu nayajua, mwanangu. Uji ndio umenishinda."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Baadaye akainuka, nikasikia anachemsha maji. Siku zilizofuata aliniosha kwa mikono iliyotulia, na asubuhi akasimama nyuma yangu dirishani, mkali kuliko daktari. Nikilegea, anasema bado. Nilimchukia kwa raha kubwa.

Ikaja miadi ya tatu, na nyingine tena. Maumivu hayakupungua, nilijifunza tu kuyatengea nafasi, kama zamu ya kufua. Weusi ukafifia taratibu. Kovu lilibaki, lingekwenda wapi, ila lililegea kama mshipi uliosogezwa tundu moja.

Kwa daktari wa meno vidole viwili vilipita, na cha tatu kikajipenyeza, kikijutia. Akachukua kile chombo cha chuma, amekijaza ujiuji mzito wa rangi ya waridi, akakileta mdomoni. Kikagusa pembe ya kovu, kikakwama. Nikafumba macho, nikapanua mpaka nikahisi uzi fulani ndani ya shavu unaachia. Kikakwaruza, kikaingia.

"Ng'ata," akasema.

Nikang'ata. Nilipofumbua macho, binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya daktari, mkoba kifuani, na mdomo wake umeachama wote, kama mama anayemlisha mtoto. Nilitaka kumwambia afunge, nzi wataingia. Lakini wangu ulikuwa umejaa.