Mumunye la Jumapili

Nyuma ya kitambaa cha kushikia sufuria, Bibi alikuwa ametundika kizibo cha chupa ya soda kwa uzi mweusi. Kizibo kimoja cha chumvi kwa sufuria ndogo, viwili kwa kubwa. Hakuna mtu nyumbani aliyejua kazi ya kizibo kile, na Bibi alimwomba Mungu iendelee kuwa hivyo.

Tangu alipougua homa miezi mitatu iliyopita, pua yake haikunusa kitu, na ulimi nao ukaifuata pua. Chai ilikuwa maji ya moto tu. Aliweza kuchuma nyanya bustanini kwake, ingali na joto la jua, akaiuma mpaka maji yakamtiririka kidevuni, asisikie chochote zaidi ya ubaridi wa mbegu. Nyanya aliyoipanda mwenyewe, akaimwagilia kwa kopo asubuhi na jioni!

Hakumwambia mtu. Sababu yenyewe ilikuwa sebuleni, karibu na dirisha: kiti kipya chenye mto mwekundu. Alikinunua mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa nesi. Mwanamke mpole, hajawahi kumjibu Bibi vibaya hata siku moja, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia.

"Mama, umetupikia vya kutosha," alikuwa akimwambia. "Kaa sasa, upumzike. Tutatafuta dada wa kutusaidia jikoni."

Dada yake Bibi aliambiwa maneno hayo hayo na watoto wake. Akakaa. Haukupita mwaka, alikuwa anaomba ruhusa kuingia jikoni kuchukua maji ya kunywa.

Basi Bibi alipika huku roho i juu. Jiko lilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja lenye nondo, na siku hizi akisimama pale alijiona kama mahabusu anayesubiri kuitwa jina. Wiki iliyopita alisahau kama ameshatia chumvi kwenye maharage, akatia tena. Mzee, mumewe, dereva mstaafu, alikula sahani yote bila kukunja uso, akanywa bilauri nne za maji, akasema leo joto kali. Mkwe alikula nusu, akamtazama Bibi kwa macho ya kinesi.

"Nipeni Jumapili," Bibi alisema jioni ile, kabla hajaambiwa neno. "Nipike mazao yangu. Likiharibika jambo, nitakwenda kukaa kwenye kiti kile mwenyewe, bila kusukumwa."

Jumapili ikafika. Asubuhi alichuma mchicha ulioota kwenye ndoo kuukuu za rangi, na vitunguu vya majani kwenye beseni lililotoboka. Mumunye lililotambaa ukutani alilichuma Mzee, akaja nalo jikoni amelipakata kama kichanga.

"Mke wangu, mtoto kazaliwa. Kichwa kafanana na mimi."

"Wewe hata nywele tatu unazo. Mwenzio hana kabisa."

"Basi ni mzuri kunishinda. Jamani, njooni mmwone!"

Mwanawe, fundi wa friji, akaja kucheka. Wajukuu wawili wakalipapasa. Nyumba nzima ikalijua mumunye lile.

Bibi akabaki peke yake. Aliosha kisu, akakata kipande chembamba upande wa mkiani, akakitia mdomoni. Mama yake alimfundisha hivyo angali binti mdogo: mumunye huonjwa bichi kabla ya kuingia chunguni, kwa sababu mara moja moja hutokea moja chungu, na lile chungu ni sumu. Kwa macho yanafanana kabisa. Ulimi pekee ndio unaojua.

Alitafuna. Hakusikia kitu.

Akainua macho dirishani. Juu ya ukuta ule ule, ukitokea upande wa pili, ulining'inia mmea wa vibuyu vya jirani yao seremala, alivyovipanda kwa ajili ya pambo. Vibuyu vichungu. Mwaka jana vilichanua pamoja na mamumunye yake, nyuki wakienda huku na kurudi kule, na mbegu alizopanda safari hii ni za mwaka jana; huenda zimerithi uchungu ule.

Akaweka kisu chini. Alitupe? Wameshaliona wote, wataliulizia. Amwite mtu aonje? Basi ajitie kitanzi mwenyewe. Alizunguka jikoni, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, akijiambia kwamba miaka yote hiyo hajawahi kupata chungu hata moja.

"Mama, mambo vipi humo?" mkwe aliuliza nje ya mlango.

"Sawa tu, mwanangu."

Akalikata. Akalipika na nyanya na vitunguu, akisikiliza mafuta, maana siku hizi alipika kwa masikio. Kitunguu kibichi hulia kwa fujo, kikiiva hunong'ona. Vizibo viwili vya chumvi. Mchuzi ukawa mwekundu, mzuri wa kutamaniwa. Akapakua.

Mezani walikaa wote. Mzee alinusa mvuke akafumba macho kwa raha. Mjukuu mdogo, mwenye njaa kuliko wote, akachota kijiko kilichojaa, akakipuliza, akakipeleka mdomoni.

"Weka chini!"

Hata yeye Bibi hakuijua sauti ile. Kijiko kikaanguka.

"Msile mumunye. Mtu yeyote asile." Akaisogeza mbali sahani ya mjukuu. "Sijui kama ni chungu. Nimeonja, lakini mimi sina ulimi. Tangu ile homa sisikii ladha wala harufu. Nimekuwa nawadanganya."

Mkwe akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kipande kibichi kilichobaki kwenye kibao. Akakigusa kwa ncha ya ulimi, akasubiri. Akauma kidogo, akasubiri tena.

"Tamu," alisema. "Tamu kama tango." Akachota mchuzi kwa kijiko, akaonja. "Na chumvi imekaa barabara, Mama."

Mumewe, yule fundi wa friji, akapumua. Mzee akavuta sahani yake, akaanza kula. "Mimi nilijua," alisema huku akitafuna. "Yale maharage, mke wangu, hata bahari ingeomba maji."

Walicheka, na Bibi naye akacheka kidogo huku machozi yakimlengalenga. Lakini ahadi ni ahadi: chakula hakikuharibika, ila uongo wake ulikuwa umefichuka. Walipomaliza kula alikwenda sebuleni, akakaa kwenye kiti chenye mto mwekundu. Kilikuwa laini mno. Alizama ndani yake mpaka miguu ikakosa sakafu.

Kesho yake jioni alikuwa pale pale, mikono mapajani. Jikoni alikuwapo mkwe, ametoka kazini, hata sare hajavua. Bibi alisikia kisu kwenye kibao, kisha mafuta, kisha vitunguu vikianza kulia.

"Mama, vimeiva hivi?" mkwe aliita.

"Bado. Havijanyamaza."

"Kwani vinasema?"

"Sikiliza."

Mkwe akatega sikio. Vitunguu vikaendelea na fujo zao, vikapunguza, vikaanza kunong'ona. Halafu Bibi akasikia mlio mkavu, wa kuchakarika, chini ya sufuria.

"Vinashika! Punguza moto!"

"Mbona sisikii harufu?"

"Utaisikia vikishaungua!"

Alijishika kwenye mikono ya kile kiti, akajivuta mara moja, mara ya pili, akasimama. Alipofika jikoni moto ulikuwa umeshapunguzwa, na vitunguu vilikuwa rangi ya asali.

Mkwe hakumwambia arudi akakae. Alikuwa ameshakishusha kile kizibo chenye uzi mweusi, ambacho Bibi aliwaeleza kazi yake jana, amekiosha, amekiweka kando ya kopo la chumvi mahali pa kuonekana.

"Nimetia kimoja," alisema. "Nitaonja mimi."

Akajisogeza pembeni, hatua moja tu, na jiko lile dogo likaachia nafasi ya mtu mwingine kusimama.