Katlesi za Gebhard Noe

Gebhard Noe alirithi bucha kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu, na katika vijiji vyote vya Bauland, kusini mwa Ujerumani, hakuna aliyewahi kuzitia ila soseji zao. Ndiyo maana neno alilolileta binti yake Mareike mezani lilikuwa zito.

"Baba, usikasirike. Harusini kwangu sitaki nyama."

Gebhard akaweka uma chini. Mareike aliacha nyama tangu alipokwenda kusoma Freiburg, na nyumbani walishamzoea. Lakini harusi?

"Watu watasema bucha imefilisika."

"Waache waseme," alijibu Irmtraud, mkewe. "Tutaagiza chakula mjini. Kuna wapishi wanaoyajua mambo hayo."

Hapo ndipo palipomchoma. Mtu wa mjini aje kuwalisha wageni wa Noe?

"Hakuna wa mjini atakayekuja," alisema. "Nitapika mwenyewe. Nitapika katlesi za Grünkern."

Irmtraud akacheka mpaka akashika meza. "Wewe? Tangu unioe hujakaanga hata yai."

Grünkern ni ngano ya kale inayovunwa ingali mbichi, kisha hukaushwa juu ya moto wa kuni mpaka ishike harufu ya moshi. Ni zao la pale pale kwao, na Gebhard aliila tangu utotoni, kwenye supu. Jumamosi alipofunga duka alichemsha chenga zake kwa mchuzi wa mboga, akatia mayai, vitunguu na mkate mkavu uliopondwa, akafinyanga, akakaanga. Zote zikasambaratika kikaangoni.

Rafiki yake Lothar, mkuu wa zimamoto ya kijiji, alipita kunywa bia akachungulia.

"Huo ni uji wa kulishia kuku, bwana?"

"Toka jikoni kwangu."

Lothar alipoondoka, Gebhard alitia kidole kwenye bakuli. Mchanganyiko ulikuwa bado vuguvugu. Akajiona mjinga. Mwanafunzi gani wa bucha aliyewahi kukanda nyama ya soseji ikiwa na joto? Akachemsha nyingine, akailaza ndani ya chumba cha baridi kando ya mapaja ya nguruwe. Kesho yake akaikanda kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na baba yake, mpaka ikang'ang'ania kiganja hata alipokigeuza chini. Safari hii katlesi zilitoka nzima, kingo zimeiva hudhurungi kwa siagi. Irmtraud alikula moja akiwa amesimama, kisha ya pili.

"Ongeza chumvi kidogo," alisema. Kwa Irmtraud, hiyo ni sifa kubwa.

Siku ya harusi Gebhard alisimama mwenyewe nyuma ya jiko la ukumbini, amevaa aproni nyeupe yenye jina la bucha. Lothar alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Nimekuja na njaa ya soseji, Gebhard, wewe unanipa chakula cha farasi."

"Kula kwanza, ndipo utukane."

Lothar akala, pamoja na saladi ya viazi na haradali. Baadaye akarudi na sahani tupu, akainyoosha mbele.

"Umesahau kutukana," Gebhard alimwambia.

"Nitatukana nikishiba."

Kisha Mareike akaja, ameinua gauni lisiguse mafuta. Alikuwa ameonja, na macho yake yalikuwa yameloa.

"Baba, nani kakufundisha?"

"Babu yako. Yeye alidhani ananifundisha soseji."

Mareike akamshika mkono uliojaa chenga, akamvuta mpaka katikati ya ukumbi, akawaambia wageni ni nani aliyepika. Watu wakapiga meza kwa viganja. Gebhard, asiyependa kutazamwa, alisimama wima na aproni yake, akawaacha wamtazame.

Jumatatu akapanga katlesi ndani ya kabati la kioo dukani, katikati, baina ya soseji za maini na nyama ya kuvutwa kwa moshi. Hazikufika mchana, zote zilikuwa zimenunuliwa.