Mruko wa Ukuta wa Gurei

Mara ya kwanza fundo la kamba lilipokutwa limefunguka, Levi alilifunga upya, akamtupia Ezbon jicho la pembeni, akaendelea na kazi. Mara ya pili, alipokuta gurudumu la lori limelala chini halina hewa, alianza kunywa chai yake peke yake.

Lori lilikuwa la kutorokea katika sinema. Ukuta ulikuwa wa ghala bovu la matofali huko Gurei, pembeni mwa mji wa Juba, ukapakwa chokaa na kuwekewa seng'enge juu ili ufanane na wa gereza. Rejoice, mwongozaji wa sinema, alikulia Kampala na kusomea kazi Nairobi, na aliporudi Juba alitaka sinema ya mapambano ambayo watu wa mji huu wangejiona wenyewe ndani yake. Aliwachagua wazee wawili kwa makusudi. Levi aliwahi kuwa bingwa wa filamu za ngumi Nairobi, kabla hajaja kusimamia walinzi wa hoteli moja karibu na mtaa wa Malakia. Ezbon alikuwa mwenyeji aliyekimbilia Uganda utotoni, akawa mwanasarakasi, kisha mpiganaji wa video za Kampala. Wote wawili sasa walikuwa na vitambi na magoti yenye kelele.

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Wafungwa wawili walioonewa wanapanda ukuta kwa kamba, wanaruka mmoja baada ya mwingine ndani ya lori lililojaa magodoro chini ya turubai, wanakwenda zao. Kilichoharibu mambo ni neno alilolitamka Rejoice siku moja wakila.

"Sinema ya pili ikipatikana," alisema, "itakuwa na mzee mmoja tu."

Hakusema yupi. Tangu hapo Levi hakulala usingizi mzuri, na kila alichofanya Ezbon kilikuwa na harufu ya hila. Kwa nini hakuwa anasalimu mpaka asalimiwe? Kwa nini kila siku alidai amesahau miwani, akaomba asomewe maneno yake? Na ile tabia ya kumshika Levi bega kila wanapotembea, kama mchinjaji anayemkadiria mbuzi! Halafu kamba, halafu gurudumu, na wiki hiyo hiyo magodoro mawili yakatoweka kutoka kwenye lori, yakaonekana nyuma ya ghala. Mtu akiruka bila kuangalia, angeangukia chuma kitupu.

Alimweleza mkewe, Jerioth, aliyekuwa akimkanda kiwiko kwa maji ya moto.

"Huyu mtu ananiwinda."

"Umemwona, Baba Charity?"

"Bado."

"Basi usiniletee hadithi ya mtu usiyemwona. Nenda ukamwone. Au acha kuruka, umri wako si wa kuruka."

"Nikiacha, atabaki yeye."

Jerioth alikunja kitambaa, akamwacha na kiwiko chake.

Asubuhi ya siku ya kuruka, Levi alifika Gurei kabla ya wenzake wote. Loku, mlinzi wa ghala, alimfungulia mlango huku anapiga mswaki.

"Mwenzako yuko ndani," alisema Loku. "Kila siku yeye ndiye wa kwanza."

Levi alipita kwa kunyata, akajibanza kando ya rundo la matofali.

Ezbon alikuwa amekaa juu ya ukuta, mguu huku na mguu huku. Alitoa kokoto mfukoni, akaitupa upande wa lori. Ikagonga bati. Akainamisha kichwa. Akatupa nyingine, ikaangukia mchanga bila sauti ya maana. Akajisogeza kidogo kwa makalio, akatupa ya tatu.

Anampa mtu ishara, Levi aliwaza. Kuna mwenzake nje. Akachungulia ng'ambo kupitia tundu la ukuta: lori, turubai, mbuzi wa jirani, hakuna zaidi. Alipogeuka, tofali liliteleza chini ya mguu wake, likaanguka.

Ezbon aligeuza uso. Jua lilikuwa limeshatoka na Levi alikuwa amesimama wazi, hatua chache tu kutoka pale. Macho ya Ezbon yalimpita yakaenda kutua kwenye mlango.

"Nani iko hapo?" aliuliza.

Miwani, salamu, mkono begani, vyote vilimjia Levi kwa mpigo, na bado hakutaka kuviamini. Mtu anayeweza kulegeza kamba anaweza pia kuigiza upofu. Kuigiza ndiyo kazi yake.

"Ni mimi. Shuka."

Ezbon alishuka kwa kupapasa kamba. Alipofika chini, Levi alirusha ngumi, akaisimamisha karibu kabisa na shavu lake la kushoto. Ezbon hakupepesa. Levi akarusha nyingine kulia. Safari hii Ezbon alirudisha kichwa nyuma, lakini amechelewa.

"Tangu lini?" Levi aliuliza.

"Kushoto imekufa mwaka jana. Kulia iko na ukungu, mimi naona kivuli tu."

"Na kamba?"

"Kamba ni mimi. Gurudumu ni mimi. Magodoro pia."

"Ulitaka nife."

"Hapana, ya akhu, ndugu yangu. Ningetaka wewe ufe, ningefungua fundo ya juu, ile wewe hauoni. Mimi nilifungua ya chini, mbele ya macho yako, ndiyo kazi isimame. Nilitaka siku chache nijifunze lori kwa masikio."

"Ungesema."

"Niseme kwa nani? Ukisema macho imekwisha, wanakupa kiti na soda, wanakuambia kaa hapo, mzee, tazama wengine."

Levi aliketi juu ya matofali. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, lakini hakujua aipeleke wapi. Yeye mwenyewe alikuwa anameza dawa za presha kwa siri chooni.

Rejoice alipofika na watu wa kamera, Levi alimfuata kabla hajashuka garini.

"Tufunge pingu moja," alisema. "Mkono wangu na wake. Wafungwa wa hatari hufungwa hivyo. Turuke pamoja."

Rejoice alimkagua kwa muda. "Wewe ndiye ulikuwa hutaki hata kukaa naye."

"Nimebadilika."

"Lini?"

"Leo."

Rejoice hakuridhika, lakini picha aliipenda. Walipokwisha kupanda ukuta, pingu zikafungwa, ufunguo Rejoice akautia mfukoni.

Kule juu upepo ulivuma na seng'enge ya kuigiza ikatikisika. Levi alitazama chini, na shaka yake yote ikamrudia. Kama mtu huyu amemdanganya, basi Levi amejifunga mwenyewe kwa anayetaka kumwangusha.

"Iko wapi?" Ezbon alinong'ona. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Hofu ile haikuwa ya kuigiza.

"Mbele yako, kulia kidogo. Nikikuvuta, ruka."

Akamvuta. Wakaanguka juu ya turubai kama magunia mawili ya mkaa, Levi akabanwa ubavu na kiwiko cha mwenzake, na lori likaondoka kwa kishindo. Wapiga picha walishangilia.

Rejoice hakushangilia. Alipowafungua pingu alimwambia Levi waziwazi, "Mzee Levi, nilikuwa nimeamua kukuondoa. Kila kitu kilipoharibika, wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kukiona. Nilidhani unamtegea mwenzako."

Levi alishika ubavu wake. Jibu alikuwa nalo mdomoni, tena lingemsafisha mara moja. Alimtazama Ezbon, akafunga mdomo.

Ezbon alikuwa anapapasa ukingo wa lori ili ashuke. Akaacha.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Mimi sioni, binti yangu."

Rejoice alikasirika sana, na alikuwa na haki. Alisema mtu angevunjika shingo. Hakumpandisha tena popote. Matukio yaliyobaki Ezbon aliyafanya akiwa ameketi ndani ya seli. Ila sinema ilipokwisha, Rejoice na Jerioth ndio waliompeleka kliniki ya macho, na jicho la kulia likaondolewa ukungu.

Levi alikwenda kumwona bendeji ilipoondolewa. Ezbon alimkazia macho kwa muda mrefu bila aibu.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema.

"Wewe je, umejitazama?"

"Bado. Kaa kwanza."

Levi akavuta kiti, akakaa.