Tope la Upande wa Mashariki

Ng'ombe wa Mzee Simeoni walikuwa na siku tatu hawajanywa kwenye birika la kunyweshea mifugo la Bibi Dorkas. Walipelekwa korongoni, mwendo wa saa nzima kutoka Kintinku, na jana ndama mmoja alirudi anachechemea.

Kisa ni kwamba kila mchana, upepo ukivuma, maji ya mwisho wa mashariki, anakonyweshea Simeoni, yalikuwa baridi na yamejaa ute wa kijani. Mwisho wa magharibi yalikuwa vuguvugu, meupe. Dorkas akasema jirani anachokonoa chini kwa ndoo, basi akanyweshe kwingine. Simeoni alikana, akaswaga ng'ombe wake akaondoka.

Sasa Dorkas alikuwa anapepeta alizeti kando ya birika, huku mjukuu wake Asnath, wa kidato cha pili, akisoma jiografia kwa sauti. Pwani ya Somalia, alisoma, upepo huyaondoa maji ya juu yenye joto, na ya chini, baridi, hupanda kushika nafasi. Hupanda na rutuba, vijimea vya baharini vikanawiri, samaki wakavifuata.

"Hiyo rutuba ilifikaje chini?"

"Vilivyokufa huzama, Bibi. Vikaozea gizani, ambako mimea haioti."

"Kama samadi iliyosahaulika zizini. Kitendawili."

"Tega."

"Mfukuze wa juu, wa chini apande na chakula."

"Jibu si nimekusomea sasa hivi?"

Bibi alishasimama. Alimwaga makapi ya alizeti birikani, mwisho wa mashariki. Upepo ukayakokota yote magharibi. Akatumbukiza mkono: baridi, na ute ukipanda taratibu, wala hakuna ndoo.

"Leta turubai tuzibe upepo."

Walilishikilia mpaka mikono ikachoka. Ute ukatulia chini. Maji ya juu yakarudi vuguvugu.

"Bahari nayo ndivyo?"

"Kule upepo hupita kando ya pwani, na mzunguko wa dunia huyapinda maji kwenda nje. Ila kupanda ni kule kule."

"Na mimi nimemnyima mtu maji kwa kosa la upepo."

Akaenda kwa Simeoni bila hata kuvua kanga ya kupepetea.

"Mama Chrispin," Simeoni alimwita kwa jina la mwanawe, "umekuja kukagua ndoo zangu?"

"Nimekosa, jirani. Njoo na ng'ombe, na mkono wako pia."

Simeoni alizamisha mkono mashariki, akakaa nao humo huku Dorkas akimsimulia upepo wa Somalia na samaki wanaofuata maji ya chini. Pembeni yake ng'ombe walikunywa yale yale ya baridi.

"Sawa," alisema. "Na samaki wako wapi?"

"Hilo," Dorkas alisema, "kamuulize Asnath."