Mtungi Mmoja, Maduka Manne

Uvumi ulimpata Bi Fahima arusini, tonge la biriani li njiani kwenda kinywani, na tangu siku hiyo hakupata raha. Walisema mtungi mwekundu wa kuzimia moto, ule wa mtaani kwao, hauna kitu ndani. Aliyeanza kusema hakujulikana. Aliyesikia alikuwa kila mtu.

Ungekuwa mtungi wake peke yake angeshauchunguza akajua moja. Lakini ulikuwa wa maduka manne: mgahawa wake, nyumba ya wageni ya Bwana Gharib, duka la vitambaa na la fundi kanzu. Kila mwaka kila duka sharti lilipe ada ya ukaguzi wa moto, na lioneshe mtungi. Ada walilipa, kila mtu yake, na ikala pesa ya kununulia hicho kinachokaguliwa. Basi wakachanga, wakanunua mmoja kwa mtu aliyekuwa anafunga duka, na siku ya ukaguzi ukawa unatembea.

Tena ulitembea kwa heshima. Afisa mwenyewe, Bwana Wanyama, mtu wa bara mwenye miwani na jasho, hangeweza kuingia nyumba ya kisiwani Amu asipewe kahawa na haluwa. Anapotafuna kwa Gharib huko chini, mtungi umeshapanda ngazi, umevuka wikio, kile chumba kilichopita juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili, umeshuka kwa Fahima, umefutwa vumbi na kutundikwa, unangoja kama bibi arusi.

"Mwaka huu moyo wangu hautulii," Fahima alimwambia Gharib. "Mwanangu Nusra akaanga sambusa huko yuu kwenye paa, chini ya makuti. Na mafuta yale."

"Bi Fahima, wewe wasiwasi umeunyonya kwa mamako."

"Watu wanasema mtungi ni mtupu."

"Watu walisema nina wake watatu, na huyo mmoja ananishinda."

"Tuupeleke ukatazamwe."

"Utazamwe mara ngapi? Mwaka jana ulikaguliwa mara nne kwa siku moja. Hakuna mtungi Kenya nzima uliokaguliwa kama huu."

Wanyama akaja. Alipofika kwa Fahima alisoma risiti mbele na nyuma, ndipo akainua macho ukutani.

"Huyu namjua," akasema. "Tumeonana sasa hivi kwa Bwana Gharib. Ana kovu hapa shingoni."

Fahima akamsogezea kahawa. "Huyo ni nduguye."

"Wamefanana sana." Akagonga muhuri.

"Na hupandi juu? Binti yangu anapikia huko." Ulimi ulimtangulia, mwenyewe alishangaa.

"Mama, umelipa. Aliyelipa anapata cheti. Nina maduka thelathini, na boti ya Mokowe ni saa tisa."

Mtungi ukarudi kwa Gharib, ambaye huutumia kuzuia mlango usijipige kwa upepo. Cheti kikabaki ukutani kwa Fahima, ndani ya fremu.

Wiki ya pili, kabla ya adhuhuri, Nusra aliita mara moja tu, "Mama," kwa sauti ambayo mama yeyote anaijua. Fahima alipanda ngazi zile ndefu bila kukumbuka kwamba ana magoti. Karai lilikuwa linawaka, na ndimi zimeanza kulamba makuti. Gharib naye alitokea upande wa wikio, mkono mmoja mtungi, mkono mmoja kikoi kisimdondoke. Akachomoa pini, akabana.

Mtungi ukakohoa mara moja kama mzee aliyeamshwa, ukatema vumbi kidogo, ukanyamaza.

Nusra alikuwa ameshabeba ndoo ya maji.

"Usimwaye mai," Fahima akasema. Akazima gesi, akachukua kifuniko cha sufuria kubwa ya arusi, akafunika karai, akakikandamiza kwa gunia alilolichovya ndooni hadi moto ukafa. Yale makuti wakayapiga kwa gunia hilo hilo. Hasara: ukingo wa paa na nyusi moja ya Nusra.

Gharib aliugeuza mtungi. "Sindano ya kipimo iko kwenye nyekundu."

"Tangu lini?"

"Tangu tuununue. Nilidhani ndiyo rangi yake, mtungi wenyewe mwekundu."

Kesho yake Fahima aliing'oa ile fremu, akaifunga ndani ya leso, akavuka kwa boti ya kwanza mpaka ofisini kwa Wanyama.

"Unataka urudishiwe ada?"

"Sitaki pesa. Nimelipa kutazamwa, sijatazamwa. Twende ukapande ngazi."

"Mama, wenzako hunikimbia, wewe wanifuata."

"Wanakukimbia kwa sababu ukija huja kuchukua. Njoo mara moja bure, uone watakavyokuita."

Alikuja. Hakupewa kahawa. Alisimama chini ya makuti yaliyoungua, akimtazama Nusra na nyusi yake moja, kisha akaomba kalamu, akaanza ukaguzi upya. Gharib bado anabishana kwamba ada yote ni wizi. Fahima anasema atalipa, ila mtu apande juu. Na palipokuwa na fremu, Fahima amebandika karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe:

Usitegemee mtungi ulio kwa jirani.
Usizuie mlango kwa mtungi.
Usikaangie chini ya makuti, hata kama upepo ni mtamu.
Usimwagie maji mafuta yanayowaka.
Usimpe afisa haluwa kabla hajapanda ngazi.
Usisome cheti ukaacha kusoma sindano.