Taa Mpya za Kobe

Ufunguo ulikuwa mezani, kati ya birika la chai na bakuli la sukari. Hakuna aliyeutazama, ingawa sote tulijua uko wapi. Upande huu alikaa mume wangu. Upande wa pili alikaa binti yetu wa mwisho, ambaye baba yake humwita Afande tangu ana meno ya utoto.

"Baba, tumeelewana?"

"Rudia. Nisije nikasema sikusikia vizuri."

"Mume wangu anabadilisha taa zote za nje. Akimaliza tunatoka wote wanne, unatuendesha mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Nikiridhika, ufunguo wako. Nisiporidhika, naondoka nao."

"Na gari je?"

"Gari libaki. Mtatazamana."

Mimi nilicheka kidogo puani. Mume wangu hakucheka. Alimalizia chai yake, akaweka kikombe taratibu kama kina mtoto amelala ndani, akatoka uani.

Mambo yalianza siku ya mvua. Tulikuwa tunatoka kliniki, mimi na yeye. Akashika breki, na lori lililokuwa nyuma likatugonga kwenye buti, si kwa nguvu, lakini bamba la nyuma likaingia ndani kama shavu lisilo na meno. Dereva wa lori alishuka akiwa analowa. "Mzee, hizo ni taa za breki au viberiti vilivyoingia maji?" Gari letu ni la zamani, lile lenye mgongo wa mviringo, ndiyo maana watu wa mtaani huliita Kobe. Taa zake zilikuwa zimechoka. Ukizitazama mchana huwezi kujua zimewaka au jua limepita juu ya kioo. Afande alipoliona lile bonde kwenye buti hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa, na huyo mtoto akikaa ujue kuna kesi.

Mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa mpaka alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha chini ya king'ora. Walipompa mkono wa kwaheri, kilichobaki cha udereva wake ni Kobe. Kwa Kobe ananipeleka kupima presha. Kwa Kobe anamfuata mjukuu shuleni kila mchana, mtoto wa Afande, akienda peke yake bila mimi. Mtoto yule akitoka getini hatafuti uso wa babu, anatafuta ule mgongo. Ukimnyang'anya mzee huyu ufunguo, umemweka barazani kama chungu cha maua, wa kumwagiliwa maji na kuhamishwa jua likiwa kali.

Mkwe wangu ni fundi umeme wa majumba, mtu mpole wa kucheka kwa mabega. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya Kobe, amefungua skrubu, vioo vya taa ameviweka juu ya gunia. Raba za kuzuia maji zilikuwa zimekauka, zinakatika mkononi kama mkate wa juzi. Ndani ya holda, pale balbu zinapokaa, kulikuwa na kutu, akawa anaikwangua kwa msasa. Balbu zake mpya za LED alikuwa amezipanga kwenye kifuniko cha sufuria yangu, bila kuniomba.

"Mbona hizi nyekundu?" mume wangu aliuliza. "Kioo si chekundu tayari?"

"Ukiweka nyeupe nyuma ya kioo chekundu, Mzee, inatoka rangi ya ufizi."

"Ya ufizi."

"Kabisa. Utaonekana unacheka barabarani na huna meno."

Mume wangu akaingia ndani ya gari kukanyaga breki. Mimi nilisimama nyuma, kama ninavyosimama siku zote akikagua taa. Zilipowaka nilirudi hatua, nikaweka kiganja usoni. Haikuwa ile taa ya kubembeleza niliyoizoea. Ilikuwa taa inayokwambia simama, na unasimama.

"Imewaka?" alipaza sauti.

"Imewaka mpaka ndani ya kichwa changu."

Shida ilikuja kwenye indiketa. Alishusha mkono wa indiketa, taa ikawaka, ikabaki imewaka. Haikupepesa. Mume wangu alishuka, akalizunguka gari, akamtazama mkwe wake kama mtu aliyekabidhi mbuzi mzima akarudishiwa ngozi.

"Umeniulia gari."

"Sijaliua, Mzee. Flasha yake, kile kidude kinachopepesesha indiketa, ni ya kizamani. Balbu za zamani zinakula umeme mwingi, flasha inapata moto, inakata, inapoa, inawasha. Hizi zinakula kidogo mno. Flasha imekaa inangoja moto ambao hauji."

Alikuwa amekuja na flasha nyingine. Alijipenyeza chini ya dashibodi, miguu nje, akatoa ile ya zamani, kikopo kidogo cha bati, akaipachika mpya na kuifungia waya kwenye bodi ya gari. Indiketa zikapepesa, mbele na nyuma, kali na safi. Afande akazunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Vizuri," alisema. "Twende."

Tulitoka uani, mume wangu na mimi mbele, Afande na mumewe nyuma. Niliona mikono ya mume wangu kwenye usukani, imeshika juu na chini kama walivyofundishwa zamani, na vidole vimekakamaa. Mtu aliyepita na wagonjwa katikati ya soko leo anasahihishwa na mtoto aliyekuwa akifungwa viatu na yeye mwenyewe.

Kwenye barabara kubwa aliwasha indiketa ya kushoto, akangoja, akakata kona vizuri kabisa. Tukanyoosha. Nikaona bega la Afande limeshuka kidogo kwenye kioo. Nikashusha pumzi na mimi.

Mbele yetu, kwenye njia inayoingia barabarani kutoka kushoto, kulikuwa na pikapu imejaa magodoro, inangoja. Yule mama aliyekuwa anaendesha alitutazama. Nilimwona anatutazama. Halafu akaingia barabarani, mbele yetu, bila haraka, kama aliyekaribishwa.

Mume wangu alikanyaga breki mpaka nikaona paja lake limeinuka kwenye kiti. Kobe akalia, akatingishika, pua yake ikasimama upana wa kiganja kutoka kwenye godoro la mwisho. Nyuma yetu basi lilipiga honi na kusimama. Lilisimama mbali. Taa zile mpya lilikuwa limeziona.

Mama wa pikapu aliteremsha kioo. "Mzee, unaingia huku au unanitania?"

"Naingia wapi? Mimi naenda mbele."

"Mbona indiketa yako inaniambia unakuja kushoto? Tangu kule inawaka."

Mume wangu akashusha macho kwenye mkono wa indiketa. Ulikuwa chini bado. Wa Kobe haujirudishi wenyewe ukinyoosha usukani, ulishalegea miaka mingi, lazima uurudishe kwa kidole. Na kile kitaa cha kijani cha indiketa kwenye dashibodi kilikufa zamani, hatukukihitaji, kwa sababu Kobe alikuwa na sauti. Tak, tak, tak, kama mtu anagonga mlango kwa ukucha.

"Kosa langu," mkwe alisema kutoka nyuma. "Flasha mpya haina sauti. Sikulifikiria hilo."

"Umeona," mume wangu alisema. "Ningesikiaje kitu kisicholia?"

Afande aliinamia mbele. "Tuingie kituo cha mafuta. Rudisha ile ya zamani."

Kituoni, pembeni penye pampu ya upepo, mkwe alirudisha flasha ya bati na balbu za zamani za indiketa peke yake. Za breki na za nyuma aliziacha mpya. Mimi nilibaki nimekaa mbele, mlango wazi, mkoba mapajani. Na hapo ndipo jambo liliponijia.

Kila tukimaliza kona, mimi husema "haya." Si kwamba namwambia kitu. Ni mazoea ya mdomo, kama mtu anavyoguna akikaa. Ile tak-tak ikiendelea baada ya kona huniudhi, basi nasema haya, na yeye anarudisha mkono. Leo sikusikia tak-tak, sikusema haya. Naye hakurudisha.

Nikajiuliza, je, anasikia flasha, au ananisikia mimi?

Nikaanza kuhesabu mengine. Redio anayoipandisha mpaka majirani wanajua habari. Mlango ukigongwa, anayeinuka ni mimi. Na mchana, akienda shuleni kumchukua yule mtoto, nani humwambia haya?

Mkwe alijaribu. Tak, tak, tak. Niliisikia wazi, hata yule kijana wa pampu aligeuka.

"Sasa," alisema Afande akifunga mlango, "turudi kupitia mtaa wa maduka. Mtu asiseme neno. Nataka kumsikia Kobe peke yake."

Hakujua alichoniomba. Mume wangu alinigeukia, akanikonyeza. Alikuwa na furaha, maskini. Kosa limepatikana, na si lake.

Alikata kona ya kushoto kuingia mtaa wa maduka. Tukanyoosha. Tak, tak, tak.

Neno lilikuwa kwenye ulimi, zima, tayari. Neno dogo tu, angerudisha kidole, ufunguo ungebaki wake, na jioni angekula kwa raha. Nilibana midomo. Tukapita duka la viatu. Tak, tak. Tukapita kinyozi. Kijana wa baiskeli aliyetaka kuvuka alisita, akatutazama, akasita tena. Nyuma mkwe alikohoa, Afande akamshika mkono kumnyamazisha. Kwenye kioo nilimwona mwanangu. Haukuwa uso wa kushinda kesi. Alikuwa anamwomba baba yake kimoyomoyo, kama mimi.

Mume wangu alikuwa anatabasamu akiitazama barabara.

Halafu tukapita duka la vioo na fanicha, lenye dirisha kubwa toka juu mpaka chini, na Kobe mzima akatokea ndani yake akitembea pembeni yetu. Taa ya mbele, ya kushoto, ilikuwa inapepesa. Aliiona. Tabasamu likabaki usoni kidogo, kama kitu kilichosahauliwa, ndipo likaondoka. Akasogea pembeni, akasimama. Hakuurudisha mkono.

"Inalia?" aliniuliza.

Nikamtazama Afande. Akaitikia kwa kichwa.

"Inalia," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu kona."

Akainama, akaweka sikio karibu na dashibodi. Akakaa hivyo. Kisha akaweka kiganja chini yake, pale flasha ilipo, akafumba macho. "Naisikia mkononi," alisema.

"Mzee, naweza kukuwekea kengele kubwa," mkwe alisema haraka. "Au taa hapa mbele ya macho. Kazi ya nusu saa, haki."

"Na king'ora utaniwekea wapi?"

"King'ora gani?"

"Cha yule atakayekuja nyuma yangu ana mgonjwa ndani." Alisema bila hasira. "Wengine waliokataa kunipisha nilikuwa nawapita karibu kuwakwangua, nawatukana mpaka mama zao. Nilidhani ni kiburi."

Alizima gari. Alichomoa ufunguo, akaupitisha juu ya bega bila kugeuka. Afande hakuupokea. Alikuwa ameweka mikono chini ya mapaja yake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, akigoma kula.

"Baba, si lazima iwe leo."

"Pokea."

"Tufike nyumbani kwanza."

"Pokea, Afande. Kuna mtu anataka kuegesha hapa."

Akaupokea. Wakashuka wote wawili, wakapishana mbele ya pua ya Kobe. Nilidhani watasimama, lakini walipita tu, mume wangu akimgusa begani. Mimi nilihamia nyuma kwa mkwe, sehemu ambayo sijawahi kuikalia tangu gari lile liwe letu. Kiti chake ni kigumu.

"Gia ya kwanza inaingia bila shida," mume wangu alimwambia binti yake. "Ya pili ina ukaidi. Ikikataa usishindane nayo, toa mguu, anza upya."

"Sawa, Baba."

"Umesema?"

"Nimesema sawa."

Afande akawasha gari. Mume wangu akageuka nyuma, mwili mzima, akanitazama midomoni, akaniuliza kama nimekaa vizuri.