Friwili ya Machibya

Tik-tik-tik, kimya. Tik-tik, kimya.

Niliisikia baiskeli kabla sijainua kichwa. Baiskeli nzima ikisukumwa, friwili ya gurudumu la nyuma hulia mfululizo kama cherehani. Hii ililia, ikakatika, ikalia tena. Nikainua kichwa nimtangazie mwenye nayo ugonjwa kabla hajafungua mdomo. Ndipo nikaiona madigadi nyekundu niliyoiandika jina la Machibya kwa mkono wangu, na aliyeshika usukani uliopinda alikuwa Esteria, mjane wa Machibya.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Wewe ndiye Magese, fundi mwenye mdomo?"

"Ndiye huyohuyo, mama," akadakia Joakim, fundi mwenzangu. "Kazi anaijua. Kunyamaza ndiko hajajifunza."

Machibya alikuwa akichukua samaki wa Lamadi hapa stendi ya Bariadi na kuwapeleka kijijini kwake, Migato, kwa baiskeli. Mwezi uliopita, kwenye mwinuko, alisimama juu ya pedali na tenga limejaa, akaanguka. Lori la pamba lililokuwa nyuma yake halikuwahi kusimama.

"Shemeji zangu wanasema alikuwa amelewa," Esteria akasema. "Wamesema msibani, watoto wanasikia. Mume wangu hakunywa pombe hata siku ya harusi yetu. Nimeileta kwa lori la Fuso, uifungue uniambie kilichomwangusha."

Nilijua kabla sijashika spana. Wiki moja kabla ya ajali Machibya alisimama palepale aliposimama mkewe, akaniambia, "Kijana, pedali inakwenda tupu. Mguu unazama kama nimekanyaga shimo." Nikamjibu, "Baba, wewe uza samaki, baiskeli niachie mimi. Cheni imevutika, basi." Wateja wakacheka. Nikamfungia cheni mpya, nikalizungusha gurudumu hewani mara tatu, likashika, nikampa. Kufungua friwili ni kazi ya nusu siku, na mimi neno nikishalitoa mbele ya watu huwa silirudishi.

Sasa nikalivua gurudumu. Kifuniko cha friwili hufunguka kinyume na nati nyingine; nikakigonga kwa tindo na nyundo hadi kikalegea. Golori zilipaswa kumwagika sahanini. Hazikumwagika. Zilikuwa zimenasa kwenye kitu cha njano, kizito kama gundi. Ndani kabisa mna kucha mbili za chuma, na springi huziinua zishike meno, ili mguu ukikanyaga gurudumu livutwe. Zote mbili zilikuwa zimelala. Niliiinua moja kwa bisibisi. Ikainuka kidogo, ikarudi kulala.

Esteria akainama, akagusa ile gundi, akanusa kidole.

"Haya ni mafuta ya pamba," akasema. "Ya jikoni kwangu. Kila Jumapili nilimtilia kijiko humo."

Kwetu wengi hufanya hivyo. Mafuta ya pamba hayakosekani nyumbani, na siku ya kwanza baiskeli huteleza kama mpya. Miezi ikipita yanakauka ndani, yanazigandisha kucha.

Akakaa chini, vumbini. "Kumbe ni mimi," akasema.

Hakulia. Alikifuta kile kidole kwenye kanga, akakifuta tena, halafu tena, kana kwamba kinamuuma.

Joakim alikuwa akinitazama. Siku ile alikuwepo. Ningeweza kunyamaza, mafuta yalikuwa ya mjane, kijiko chake, jiko lake. Golori tano zilijinasua, zikaanguka sahanini, moja moja.

"Si wewe, mayu," nikasema. "Aliniambia. Alinieleza ugonjwa wenyewe, nami nikamfanya kichekesho mbele ya wateja. Ningeifungua siku ile ningeyaona haya, na yanaoshwa kwa petroli ya kikombe kimoja."

Esteria aliitazama sahani.

"Jioni ile aliniambia fundi amemcheka," akasema. "Nikamwambia asibishane na vijana wanaojua kazi. Alitaka kukurudia kesho yake. Mimi ndiye niliyemzuia."

Nikaanza kuzichokoa golori zilizobaki kwa bisibisi.

"Ioshe," akasema.

Nikaosha golori na kucha kwa petroli, nikatia mafuta mepesi ya cherehani, nikafunga. Nilipolizungusha, gurudumu lililia bila kukatika. Esteria akageuza uso upande wa barabara hadi liliposimama.

"Nitawapeleka samaki mwenyewe," akasema. "Lakini kwanza Jumamosi ni arobaini yake. Watasema tena alikuwa amelewa, na mimi wananiona namtetea tu. Wewe mwenye mdomo, siku hiyo utakuwa wapi?"

Nikasimama, mikono yangu ikichuruzika petroli, na watu wa meza zote za stendi wanasikia.

"Jumamosi nitakuwa Migato, mayu. Nitasimama mbele ya shemeji zako na wanao, niwaambie Machibya hakuwa amelewa. Aliijua baiskeli yake kuliko mimi, na mimi ndiye niliyekataa kumsikiliza."